Nilimkana Mwanangu kwa Ajili ya Nyumba ya Kupanga

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Bukene, nikaolewa Tabora mjini. Nina watoto watatu. Ndugu zangu wasomaji, maneno hayo mawili, "watoto watatu", mnayaona mepesi... Mimi kuna siku yalinishinda kutamka. Niliulizwa, nikajibu wawili. Na yule mmoja niliyemficha amelipa kwa mwili wake mdogo uongo ambao hakuna mtu aliyenilazimisha kuusema.

Sitafuti huruma. Naandika kwa sababu najua wapo wenzangu wanaofunga mizigo sasa hivi, wanahamia nchi za watu na watoto wadogo, na nyumba ya kupanga inawanyima raha kama ilivyoninyima mimi.

Mume wangu, nitamwita Nassor, ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Kwao ni mtaa wa Mtendeni, ukoo wa Waarabu wa Tabora wa siku nyingi, watu wa duka la vitambaa. Mimi baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa mpunga, Mnyamwezi wa kawaida kabisa. Tulipooana tulipewa vyumba viwili upande wa uani kwenye nyumba ya familia yao, na humo ndimo walimozaliwa watoto wetu: Idrisa, kisha Zamda, kisha Munira.

Ule ua ulikuwa na watu wengi. Wifi zangu, watoto wao, wageni wa kutoka Nzega na Igunga wanaokuja dukani... Ukipika kila mtu anajua umepika nini. Na ukiwa na mtoto anayekojoa kitandani, kila mtu anajua pia.

Huyo alikuwa Zamda wangu. Miaka sita, mchangamfu, anayeimba akifagia, anayeongea mpaka usingizi umkate katikati ya neno. Lakini kila asubuhi godoro lake lilikuwa limelowa. Kila asubuhi nalitoa nje, naliegemeza ukutani likauke, na wifi zangu wanapita wakishika pua na kucheka. Nilimpeleka kwa daktari akasema ni jambo la kawaida, litaisha lenyewe. Nilimpa dawa za miti. Nilimchapa... Ndiyo, nilimchapa! Wala haikusaidia.

Basi Nassor alipopata kazi Oman, niliona Mungu amenifungulia mlango. Nyumba yangu mwenyewe! Jiko langu! Hakuna wifi, hakuna macho ya watu! Nassor alitangulia, akawa analala chumba kimoja na mafundi wenzake, huku akishughulikia karatasi zetu. Sote tulipata viza. Pasipoti za watoto zilitoka tatu, na Zamda alikuwa akiniomba ya kwake kila siku ajitazame picha. Alikuwa ameshamuaga hadi mwalimu wake wa madrasa.

Kilichobaki kilikuwa nyumba tu.

Aliyekuwa akitutafutia ni Khalfan, binamu yake Nassor, mtoto wa Tabora aliyekaa Oman miaka mingi. Siku moja asubuhi nikapata ujumbe wake kwenye simu. Aliandika hivi: "Shemeji, nyumba imepatikana huku Seeb. Ghorofa ya juu, vyumba viwili na sebule. Vitu vyote vipya, mazulia mpaka magodoro. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, anakaa chini, msafi sana. Anauliza mna watoto wangapi na umri wao. Nijibu haraka, wengi wanaitaka."

Niliusoma ule ujumbe nikiwa nimesimama uani. Macho yangu yakaganda kwenye neno moja tu. Magodoro...

Jirani yetu mmoja aliyewahi kuishi Uarabuni alikuwa amenisimulia jinsi familia zenye watoto zinavyonyimwa nyumba kule. Alisema kuna mama alikataliwa nyumba tano kwa sababu ya watoto wanne. Maneno yale yalikuwa yamenikaa kichwani kama mwiba. Nikawaza, tukisema watatu, atakataa. Akikubali, atapanda juu wiki ya kwanza, atasikia ile harufu, atatufukuza ugenini na mizigo yetu. Tutakwenda wapi?

Na wakati nawaza hayo, Zamda mwenyewe alikuwa pale pale mbele yangu, ameshika ncha ya godoro lake kwa mikono miwili, ananisaidia kuligeuzia jua.

Nikaandika: "Wawili. Wa kiume miaka minane, na wa kike mwaka mmoja."

Nikabonyeza. Ikaenda.

Jioni ile Nassor akapiga simu. "Mama Idrisa," akaniambia, "Khalfan ananiambia tuna watoto wawili. Umekosea kuandika?"

Nikamwambia sijakosea. Nikamweleza hofu zangu zote. Nikamwambia ni miezi mitatu tu, Zamda akae na mama yangu Bukene, tukishazoeana na mwenye nyumba tutamleta kama mtoto aliyekuja kututembelea. Nassor akasema, "Huyo ni mwanetu, siyo mzigo wa kuachwa stesheni."

Nikalia. Nikamuuliza kama anataka nife kwa aibu kwenye ule ua. Nikamuuliza kama ana nyumba nyingine. Hakuwa nayo. Mwishowe akasema, "Haya. Miezi mitatu." Na mimi nikahesabu kuwa nimeshinda!

Tulipanda treni mimi na Zamda, Munira mgongoni, kwenda Bukene. Nilimwambia tunakwenda kumuaga bibi. Njia nzima alikuwa dirishani, ananiuliza kama na Oman kuna treni, kama kuna michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, kama bahari inaonekana kutoka dirishani kwetu. Nilimjibu yote. Nilimpangia hadi kitanda chake kitakaa upande gani. Mnanielewa, wasomaji? Nilikuwa namdanganya mtoto huku nammenyea machungwa.

Mama yangu, ambaye kwa Kinyamwezi tunamwita Mayu, hakupendezwa hata kidogo. Tulikaa jikoni kwake, Zamda akiwa nje na watoto wa jirani, akaniambia, "Ukoo wenu wote mlikojoa. Wewe mwenyewe ulikojoa mpaka una miaka tisa. Nani alikutupa?"

Nikakasirika. Nikamwambia simtupi, namwacha kwa muda. Nikamwambia hajui maisha ya ugenini. Mayu akageukia moto wake, akasema, "Mwache. Nitamlea. Lakini mimi siye mama yake, na yeye anajua hilo."

Nilimwambia Zamda kwamba anabaki siku ya kuondoka, tukiwa stesheni. Nilingoja mpaka dakika ya mwisho, mwoga mimi! Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikamata khanga yangu tu, akaninong'oneza, "Ni kwa sababu ya godoro?"

Mtoto wa miaka sita! Hakuna aliyemwambia. Alijua.

Hapo ndipo ningeweza kumkumbatia nikamwambia hapana, mwanangu, twende zetu. Pasipoti yake ilikuwa Mtendeni, viza yake ilikuwa tayari. Lakini treni ilikuwa imefika, watu wanasukumana, Munira analia mgongoni, na mimi nilitaka anyamaze tu, aniachie khanga. Nikamwambia, "Ukiacha kukojoa, nitakuja kukuchukua."

Akaniuliza, "Hata kesho?"

Nikasema, "Hata kesho."

Akaniachia. Akanipungia mkono akiwa anatabasamu... Alikuwa amepewa kazi, na alikuwa na hakika ataiweza.

Nyumba ya Seeb ilikuwa nzuri kuliko picha. Sakafu inang'aa, mazulia laini, maji ya moto yanatoka ukutani. Chumba cha watoto kilikuwa na kitanda kimoja cha mbao na kingine kidogo chenye uzio kwa ajili ya Munira. Magodoro bado yalikuwa kwenye nailoni zake. Niliyashika yale magodoro, nikajiambia nimefanya jambo la busara.

Mwenye nyumba aliitwa Bi Zuleikha, mjane wa miaka kama sabini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mkali. Nilipomwamkia shikamoo alinishika mikono miwili, akasema, "Marahaba, mwanangu! Marahaba! Miaka mingapi sijaamkiwa hivi!" Kumbe alizaliwa Tabora! Baba yake alikuwa na duka huko, wakahama yeye akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani cha mjini kwetu, kitamu. Nilimpa chupa ya asali niliyobeba, asali ya kutoka Ipole, akaifungua pale pale, akachovya kidole, machozi yakamtoka.

Kisha akawatazama wanangu. Idrisa, mrefu, karibu afike begani kwangu. Munira kwapani. Akacheka, akauliza, "Mbona mmewapishanisha sana hawa? Katikati hapa hamkujaaliwa?"

Ndugu msomaji, mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yangu! Mtu mwenyewe ni huyu, mpole, wa kwetu, anacheka. Kwa nini sikuingia?

Nikasema, "Hapana, bibi. Hatukujaaliwa."

Idrisa aliinua uso akanitazama. Sikuweza kumtazama. Usoni kwa Bi Zuleikha ikaja huruma, akaniombea dua, eti Mungu anijaze kizazi. Nikaitikia amina. Niliitikia amina, na mwanangu yuko Bukene anahesabu siku!

Maana alikuwa anahesabu kweli. Nilikuwa nikipiga simu ya Mayu kila Ijumaa. Zamda hakunisalimu hata, alianza na hesabu. "Mama, siku mbili." Ijumaa nyingine, "Mama, nilifika tatu, halafu nikaharibu." Ijumaa nyingine akalia hakutaka kuongea. Halafu ghafla, mwezi wa tatu, "Mama, siku tisa! Hata tone! Muulize bibi!"

Nikamwambia hongera, endelea hivyo hivyo.

Akaniuliza, "Sasa unakuja kesho?"

Ningekuja vipi? Ningemtoa wapi mtoto wa miaka sita, baada ya kuitikia ile dua? Bi Zuleikha alikuwa ameshatufanya wanawe. Anampokea Idrisa akitoka shule, anambeba Munira mimi nikipika, ananiletea halua. Kila wema wake ulinifunga mdomo zaidi. Niliogopa kukosa nyumba mwanzoni, sasa nikawa naogopa uso wake siku atakapojua mimi ni mtu wa namna gani.

Nikamwambia Zamda, mwezi ujao. Mwezi ujao ulipofika, nikasema baada ya mfungo. Baada ya mfungo nikasema baba bado ana kazi nyingi. Nassor alinikabili mara mbili. Mara ya pili tuligombana vibaya, akasema atashuka chini mwenyewe amwambie Bi Zuleikha. Nikamwapia nikamwambia akithubutu nitarudi Tabora na watoto. Akaacha. Alianza kuchelewa kutoka kazini, na akirudi alikuwa haingii chumba cha watoto.

Na Idrisa... Idrisa niliyemfundisha asimtaje dada yake mbele ya watu, siku moja alikuwa anafanya kazi za shule mezani, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, na mimi nikikosea utaniacha wapi?"

Nilimkemea. Nikamwambia aandike.

Mwezi wa sita, Mayu akaniambia kwenye simu, "Huyu mtoto hanywi maji. Uji hataki, chai anamwaga kwenye maua. Jua la huku unalijua, midomo imempasuka. Nimemwuliza, hasemi."

Unajua nilijibu nini? Nilijibu, "Deko hilo, Mayu. Atazoea."

Wiki tatu baadaye nilikuwa chini, jikoni kwa Bi Zuleikha, tunakaanga samaki wa chakula cha mchana. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mayu, lakini sikuitambua. Alikuwa akilia, na mama yangu sijawahi kumsikia akilia tangu baba azikwe.

Aliniambia yuko hospitali, Tabora mjini. Zamda alianza kwa homa na maumivu ya mgongo. Zahanati walimpa dawa, hakupona. Siku ya tatu mkojo wake ukatoka damu, akaanza kuweweseka, majirani wakatafuta gari. Daktari alisema mtoto amekaukiwa maji mwilini, uchafu umepanda mpaka kwenye figo. Akamuuliza Mayu mtoto anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mayu akasema hata kikombe kimoja hakiishi.

Ndipo nesi mmoja akainama kitandani, akamshika Zamda kichwa, akamlazimisha taratibu anywe kikombe cha maji. Zamda akafumba mdomo. Nesi akamuuliza kwa nini.

Akasema, "Nikinywa, mama hatakuja."

Simu ilinidondoka. Nikaanguka nayo chini, sakafuni, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikiita Zamda, Zamda. Bi Zuleikha alizima jiko, akakaa chini pembeni yangu na miguu yake mibovu, akawa ananiuliza, "Nani? Nani kafa? Zamda ni nani?"

Nikamwambia Zamda ni mwanangu.

Nilimwambia yote. Wa katikati. Godoro. Ujumbe wa Khalfan. Nilichojibu. Nilichomwambia mtoto stesheni. Nilipomaliza nilingoja anitukane, anifukuze, anipige. Ningeona afadhali.

Alikuwa amejishika kifua. Kisha akauliza polepole, kama mtu asiyeamini masikio yake, "Kwa hiyo uliniogopa mimi?"

Nikasema nilifikiri hataki watoto wengi.

"Mwanangu," akasema, "nilimuuliza Khalfan mna watoto wangapi nijue ninunue vitanda vingapi."

Vitanda vingapi... Wasomaji, nimeyasikia maneno hayo kila siku ya maisha yangu tangu siku ile. Hakukuwa na mtu aliyemkataa Zamda. Hakukuwa na sharti. Hakukuwa na mwenye nyumba katili. Kulikuwa na bibi mmoja mpweke aliyetaka kwenda dukani kununua vitanda. Aliyemkataa mwanangu ni mimi peke yangu.

Bi Zuleikha alizaa saba. Aliniambia wanne kati yao walikojoa, na godoro linaoshwa. Aliyasema hayo huku akilia. Hakunifukuza, lakini pia hakunishika mkono kuniinua. Nilijiinua mwenyewe.

Nassor alinitafutia ndege ya siku iliyofuata, nikaondoka na Munira. Pale uwanjani nilimwambia anisamehe, nilimlazimisha. Akatikisa kichwa. "Nilikubali," akasema. "Hii dhambi tumefanya wawili, usiibebe peke yako." Hayo ndiyo maneno yote tuliyozungumza.

Kutoka Dar mpaka Tabora sikula. Dodoma, Manyoni, Itigi, ile njia ndefu ambayo wazee wetu waliitembea kwa miguu na mizigo kichwani... nilitamani na mimi niitembee hivyo hivyo, peku, labda nikifika nitakuwa nimepungukiwa kidogo na uovu.

Wodini nilipita kitanda chake bila kumtambua. Mayu ndiye aliyeniita. Nikageuka, nikaona mtoto mwenye macho makubwa na mikono kama vijiti, mpira wa dripu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilijiandaa kwa hasira. Nilidhani pengine atanirukia.

Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa bibi yake. Akasema, "Shikamoo."

Nilipiga magoti pale chini, nikamwambia nimekuja, mama amekuja. Nikamimina maji kwenye kikombe, nikampelekea mdomoni. Akamgeukia Mayu kwanza. Mayu akamwambia, "Kunywa, mjukuu wangu." Akakichukua kikombe kwenye mkono wangu, akampa Mayu, Mayu ndiye akamnywesha.

Tulikaa wodini siku nyingi. Alipoanza kupata nafuu, kukojoa kitandani kulirudi, tena kwa nguvu, daktari akasema ni kawaida kwa ugonjwa ule. Asubuhi ya kwanza nilimkuta ameamka kabla yetu, amekunja shuka bichi, amelificha chini yake na kulikalia. Nikalivuta lile shuka, nikalifua pale nje kwenye bomba la hospitali mbele ya watu wote, nikalianika. Sikuona aibu hata chembe. Aibu niliyoiogopa miaka yote ile, kumbe ilikuwa na uzito wa shuka bichi tu! Kwa nini sikulijua hilo Mtendeni?

Mwanangu amepona, namshukuru Mungu usiku na mchana. Lakini figo yake moja imebaki na makovu. Kila baada ya miezi michache tunampeleka apimwe, na kila tukikaa kwenye benchi kungoja majibu, moyo wangu unasimama.

Bi Zuleikha alinunua kitanda cha tatu. Akaniletea ujumbe wa sauti, akasema kimetandikwa, kina shuka la maua, kinamsubiri mwenyewe. Nassor akaniambia tuje, tuanze upya. Nikamchezeshea Zamda ile sauti ya bibi wa Oman, nikamwonyesha picha ya kitanda. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bila chuki, kama anayenikumbusha jambo nililosahau, "Nyumba ile ni ya watoto wawili. Nendeni ninyi."

Hatukwenda. Mimi na Zamda na Munira tumepanga vyumba viwili hapa Tabora, mbali kidogo na ule ua. Mayu anakuja kila mwezi kutoka Bukene. Nassor bado yuko kazini kule, na Idrisa amebaki naye kwa ajili ya shule, wanakuja likizo. Familia niliyotaka kuikusanya kwenye nyumba moja nzuri nimeikata vipande kwa mikono yangu. Sasa ni mwaka wa pili. Idrisa akija, anamfuata dada yake kila anakokwenda, hata chooni anamngoja mlangoni.

Wenzangu mnaotafuta nyumba ugenini, nawaomba kama ninavyomwomba Mungu: mkiulizwa mna watoto wangapi, semeni wote. Mtaje hata yule mgonjwa, hata yule mtukutu, hata yule anayelowesha godoro. Mwenye nyumba akikataa, akatae! Nyumba nyingine ipo, na hata isipopatikana, laleni chumba kimoja na wanenu, bananeni nao, gombaneni nao. Na kama hujui anataka nini, mwulize. Swali moja tu nililoshindwa kuuliza ndilo lililonifikisha hapa. Tena, tafadhali, usimpe mtoto sharti la kupendwa. Atalitimiza. Watoto hawajui utani wa watu wazima, atalitimiza hata kama litamuua.

Zamda sasa ana miaka minane. Ananisaidia kazi, ananiitikia, ananipa shikamoo kila asubuhi. Kuimba akifagia ameanza tena, lakini nikitokea mlangoni anaacha. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilimwacha. Wengine wananiambia amesahau. Mimi namwona anavyonitazama nikifunga begi hata la kwenda sokoni, najua hajasahau.

Siku akiniuliza, sitamtaja Khalfan wala wifi zangu. Sitasema ni maisha, wala sitasema nilikuwa sijui. Nitamkalisha mbele yangu nimwambie hakukuwa na mtu mwingine. Ilikuwa mimi. Halafu nitanyamaza, nimwachie yeye aamue kama bado ana mama.